Mama anasema yule dada wa Karan Arjun alikaa Mombasa, ni kweli?

Swali lenyewe nalileta kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Mama yangu anapenda sana picha za Kihindi, na kila tukiangalia Karan Arjun lazima aseme yule dada anayecheza na Salman alikuja kuishi kwetu Mombasa, akaolewa na muuza unga, yaani dawa za kulevya, akafungwa jela, na sasa hivi ni mtawa kule India. Mimi naona kama amechanganya watu watatu tofauti. Ukweli ni upi?"

Marahaba mwanangu. Mama yako hajachanganya watu, ni mtu mmoja huyo huyo, anaitwa Mamta Kulkarni. Ila kwenye sentensi yake kuna vitu vya aina tatu vimechanganyika, kuna cha kweli, kuna kinachobishaniwa mpaka leo, na kuna kisicho kweli, nacho ni hicho cha jela, maana hakuna mahakama yoyote iliyowahi kumhukumu huyu mama kifungo. Nitakujibu kirefu kidogo kwa sababu nimefuatilia sinema za Kihindi miaka mingi na maisha ya Mamta ni moja ya habari zinazonikera kwa namna zinavyosimuliwa, mtu anachukua uvumi wa gazeti na maneno ya hakimu anavitia sufuria moja anakoroga.

Tuanze na kazi, maana siku hizi watu wanamtaja Mamta kama vile hakuwahi kuigiza, ni skendo tu. Alizaliwa Mumbai mwaka 1972, familia ya Wamarathi, na sinema yake ya kwanza wala haikuwa ya Kihindi, ilikuwa ya Kitamil mwaka 1991, wasichana wengi wa Mumbai wakati ule walikuwa wanaanzia kusini kupata uzoefu halafu wanarudi. Mwaka 1993 ndio akajulikana, akatoka kwenye Tirangaa, hii ya Raaj Kumar na Nana Patekar ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa yale majibizano mazito, halafu Waqt Hamara Hai na akina Akshay Kumar na Sunil Shetty, halafu Aashiq Awara aliyocheza na Saif Ali Khan, ambapo Saif ndio kwanza alikuwa anaanza. Kwa filamu hiyo ya Aashiq Awara Mamta akapewa tuzo ya sura mpya ya mwaka kwenye Filmfare za 1994, tuzo kubwa za sinema za Kihindi, na kwa msichana asiye na baba prodyuza wala mjomba dairekta hiyo si kitu kidogo hata kidogo.

Mwaka 1994 ikaja Krantiveer. Mwaka 1995 ndio mwaka wake, hesabu mwenyewe, Karan Arjun, Sabse Bada Khiladi na Akshay, Andolan na Govinda na Sanjay Dutt, Baazi na Aamir Khan, yaani ndani ya mwaka mmoja kacheza na Salman, Shah Rukh yuko humo humo, Akshay, Govinda, Sanjay na Aamir. Nani mwingine unamjua alifanya hivyo? Na alikuwa anashindana na Madhuri, Juhi, Karisma, Raveena, Kajol, wote wako moto kipindi hicho hicho. Kwenye Karan Arjun, Kajol ndiye aliyepewa nafasi nzito zaidi ya mapenzi na Shah Rukh, Mamta akawa Bindiya wa Salman, nafasi ya utani utani na nyimbo, lakini angalia ule wimbo wa Rana ji, angalia Bhangra, kisha niambie macho yako yalikuwa yanamtazama nani. Mama yako anamkumbuka miaka 30 baadaye, hilo ndilo jibu.

Sasa skendo ya kwanza, ile picha. Mwaka 1993, akiwa bado mgeni kabisa, jarida la Stardust lilimweka kwenye kava bila nguo ya juu, amejiziba kwa mikono. Lazima uelewe Stardust ilikuwa nini. Lilianzishwa Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, mwaka 1971 na lilikuwa linaishi kwa umbea wa mastaa, na India ya 1993 ndio kwanza imefungua uchumi wake 1991, televisheni za setilaiti zimeanza kuingia majumbani, serikali na vyama vya kidini wanagombana kila siku juu ya kitu gani kinavunja maadili. Toleo lile likagombaniwa kwenye vibanda. Jarida likapata jina na pesa, na yule binti akapata kesi ya jinai ya uchafu. Kesi zenyewe India zinavyokwenda, ilifika mwaka 2000 ndio akapigwa faini ya rupia 15,000. Alipokuwa anaenda mahakamani alijifunika buibui wapiga picha wasimtambue, hilo nalo likaleta kelele upande mwingine, Waislamu wakalalamika kwamba vazi lao linatumiwa kujifichia kesi ya picha chafu, na kwa kweli naelewa kwa nini liliwauma.

Mimi sisemi ile picha ilikuwa sawa. Alikuwa mtu mzima, alikubali, na yeye mwenyewe ameilipia. Ninachosema ni kwamba hakuwa peke yake chumbani, kulikuwa na mpiga picha, kulikuwa na mhariri, kulikuwa na mwenye jarida, na miaka yote hii anayeulizwa ni yeye tu. Na hebu fikiria na hili, mwaka 1985 mwigizaji Mandakini alisimamishwa chini ya maporomoko ya maji na sari nyeupe nyembamba kwenye filamu ya Raj Kapoor, bodi ya ukaguzi ikapitisha, filamu ikavunja rekodi, watu wakasema ni sanaa. Halafu mwaka 1995 wanamitindo Madhu Sapre na Milind Soman wakapiga tangazo la viatu wakiwa uchi wamezungushiwa chatu, kesi yao ikakokotwa miaka 14 mpaka 2009 wakaachiwa huru. Kwa hiyo mstari uko wapi? Hakuna aliyekuwa anajua, wakati ule mstari ulikuwa unachorwa juu ya mgongo wa aliyekamatwa kwanza.

Baada ya 1995 mambo yakaanza kupungua nguvu. Dairekta Rajkumar Santoshi alimpa wimbo mmoja kwenye Ghatak ya 1996, filamu ya Sunny Deol, na ule wimbo ukapigwa kila mahali. Basi Santoshi alipotengeneza China Gate ya 1998, filamu kubwa ya gharama, ndani yuko Om Puri, Naseeruddin Shah, Danny, Amrish Puri, Mamta akategemea makubwa, lakini filamu ilipotoka sehemu yake ilikuwa finyu na watu walitoka sinema wanaimba Chamma Chamma, wimbo wa Urmila Matondkar. Ule wimbo mpaka Hollywood wakauchukua wakautia kwenye Moulin Rouge mwaka 2001! Mamta alilalamika hadharani kwamba amepunguzwa, wakagombana na dairekta, na magazeti yakaanza kuandika habari za simu za watu wa magenge. Hizo za simu naziacha sokoni zilikotoka. Alicheza cheza filamu chache nyingine, Chhupa Rustam ikatoka 2001, nyingine moja 2002 na yeye ameshaondoka, ikaishia hapo. Hakuaga, hakufanya intavyuu ya mwisho, alipotea tu.

Hapa kuna kitu lazima nikieleze maana bila hicho habari ya Mombasa haieleweki. Sinema ya Kihindi miaka ya tisini haikuwa inakopa benki. Serikali iliitambua rasmi kama tasnia mwaka 1998 tu, kabla ya hapo prodyuza anatafuta pesa kwa wauza almasi, kwa wajenzi wa maghorofa, kwa wakopeshaji wa riba, na pia kwa majambazi, ndio, kwa majambazi waliokuwa wanakaa Dubai na Karachi. Agosti 1997 Gulshan Kumar, mwenye kampuni ya kanda za muziki ya T-Series, alipigwa risasi mchana kweupe akitoka hekaluni Mumbai. Mwaka 2001 mfadhili mkubwa kabisa wa filamu, Bharat Shah, muuza almasi, alikamatwa kwa kuhusishwa na pesa za magenge. Sasa msanii wa kike kwenye mazingira hayo akialikwa kucheza shoo Dubai, nani yuko viti vya mbele? Anajuaje? Na akishajua anakataaje? Siulizi ili nimtetee, nauliza kwa sababu watu wa leo wanaongea kama vile kulikuwa na mlango wa watu safi na mlango wa wachafu, na ukweli mlango ulikuwa mmoja.

Mtu anayetajwa na Mamta ni Vijaygiri Goswami, wote wanamwita Vicky, mtu wa Gujarat. Alikamatwa Dubai mwaka 1997 kwa biashara ya vidonge vya kulevya vya mandrax, akahukumiwa kifungo kirefu, akatoka mwaka 2012. Magazeti ya India yamemwita mume wa Mamta miaka na miaka, na Mamta amekana ndoa hiyo mara nyingi kwa mdomo wake mwenyewe, anasema hajawahi kuolewa na mtu yeyote, kwamba alimjua, alimpenda, alimtembelea gerezani na kumwombea, basi. Kwa hiyo hilo la "akaolewa" mwambie mama ni neno la magazeti dhidi ya neno la mwenyewe. Mimi nachukua la mwenyewe.

Goswami alipotoka Dubai alikuja Kenya, na hapa wewe wa Mombasa huhitaji nikufundishe jina la Akasha, ile familia ya biashara ya dawa za kulevya. Mzee Ibrahim Akasha aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000, wanawe wakarithi. Novemba 2014 polisi wa Kenya wakishirikiana na wale wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya wakavamia Mombasa wakakamata wanaume wanne, Baktash Akasha, mdogo wake Ibrahim, Goswami, na Mpakistani mmoja, baada ya mtego ambao maajenti walijifanya wanunuzi, wakaletewa kilo 99 za heroini na kilo 2 za meth, dawa ya kulevya inayopikwa kwa kemikali. Kesi ya kuwapeleka Marekani ikapigwa danadana Mombasa zaidi ya miaka miwili, dhamana, kuahirishwa, dhamana, kuahirishwa, mpaka Januari 2017 wakachukuliwa ghafla wakapandishwa ndege ya New York. Wale ndugu wawili walikiri makosa 2018, Baktash akapigwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwanzoni mwa 2020. Goswami naye alikiri, akashirikiana na waendesha mashtaka.

Na Mamta je? Kipindi hicho alikuwepo Kenya, hiyo ni kweli, yeye mwenyewe alikuwa anaongea na waandishi wa India kutokea huko. Mama yako yuko sahihi. Lakini angalia vizuri, waliokamatwa kwa mtego walikuwa wanaume wanne, na Wamarekani ambao walikuwa na rekodi za sauti na video za miezi kadhaa hawakumshtaki Mamta kwa lolote. Hawa watu si wa kuonea haya mtu, wangekuwa nacho wangekitumia.

Kesi yake yeye ilitokea nyumbani. Aprili 2016 polisi wa Thane, pembeni ya Mumbai, walinasa shehena ya efedrini kwenye kiwanda kimoja cha dawa huko Solapur. Efedrini ni dawa halali, inatumika kwenye dawa za mafua na pumu, ila ndiyo hiyo hiyo inayopikwa ikawa meth. Thamani ilitajwa kuwa kama rupia bilioni 20. Polisi wakasema mzigo ulikuwa uelekee kwa Goswami Kenya, na kwamba mwezi Januari 2016 kulifanyika kikao hotelini huko Kenya na Mamta alikuwemo. Wakamtaja mshtakiwa, mwaka uliofuata mahakama ikamtangaza mtoro, mali zake zikazuiliwa. Yeye akatoa tamko kwa video kwamba hajui lolote, kwamba yeye ni mtu wa ibada siku nyingi. Watu wakacheka. Ni rahisi kucheka, mwanamke wa kava la Stardust anasema anasali!

Ikakaa hivyo miaka minane. Halafu katikati ya mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Bombay ikaifuta ile kesi dhidi yake. Na haikufutwa kwa ujanja wa karatasi, majaji walisema hata ukichukua yote polisi waliyoandika ukayakubali kama yalivyo, mtu kuwepo tu kwenye kikao hakutoshi kumtia hatiani, na kuendelea na kesi ingekuwa ni kumsumbua bure. Naomba mama asikie hiyo vizuri, kwa sababu habari ya kutajwa kwake ilikuwa ukurasa wa mbele dunia nzima na habari ya kufutiwa ikapita kama gari la usiku.

Kuna kitu kimoja kinaniuma nikilinganisha tarehe. Sanjay Dutt, ambaye Mamta alicheza naye Andolan, alikamatwa 1993 kuhusiana na silaha za kipindi cha milipuko ya Bombay, akahukumiwa kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria, akatumikia, akatoka gerezani Februari 2016. Alipokelewa kama shujaa, mwaka 2018 ikatengenezwa filamu kubwa ya maisha yake na watu wakajaa sinema wakalia. Sina neno baya na Sanjay, alitumikia adhabu yake na ni muigizaji mzuri. Lakini yeye alitiwa hatiani na mahakama ya juu kabisa, Mamta hakutiwa hatiani na yeyote kwenye dawa za kulevya, na miezi michache baada ya Sanjay kurudi mjini ndipo jina la Mamta likatupwa nje. Filamu ya maisha yake nani ataitengeneza?

Sasa la utawa. Desemba 2024 alitua Mumbai kwa mara ya kwanza baada ya kama miaka 25, akajirekodi analia. Tarehe 24 Januari 2025, kwenye Maha Kumbh, ule mkusanyiko mkubwa wa ibada wa Wahindu, kule Prayagraj inapokutana mito ya Ganga na Yamuna, alifanya ibada ya kujizika mwenyewe, yaani mtu anajifanyia matanga yake akiwa hai kuonyesha kwamba yule wa zamani amekufa, akapewa jina jipya Shri Yamai Mamta Nand Giri na cheo cha mahamandaleshwar, yaani kiongozi wa juu wa watawa, kwenye Kinnar Akhada. Huu ni udugu wa kidini ulioanzishwa mwaka 2015 na hijra, watu ambao Mahakama Kuu Zaidi ya India iliwatambua kama jinsia ya tatu mwaka 2014, na ni watu wanaojua kutengwa kuliko wengi. Sishangai kwamba waliofungua mlango ni hao.

Amani ilidumu wiki moja! Mmoja wa waanzilishi akatangaza kumfukuza yeye pamoja na kiongozi wao Laxmi Narayan Tripathi, upande wa Laxmi wakasema huyo hana mamlaka hayo. Masadhu wakubwa, yaani watawa wa Kihindu, wakasema cheo kama hicho hakipatikani kwa siku moja, na hapo kusema ukweli wana hoja, wapo waliokaa miaka kumi na zaidi wanasubiri. Akashutumiwa kwamba amenunua cheo kwa mamilioni, akajibu akaunti zake zimefungwa miaka yote hiyo atoe wapi. Tarehe 10 Februari akajiuzulu, tarehe 14 akasema guru wake amekataa barua, amerudi. Ndio Mamta huyo, hata kwenye dini mambo yake hayaendi kimya.

Je, utawa wake ni wa kweli? Watu wananiuliza hilo kuliko yote. Mimi ninachokiona ni kwamba alianza kusema habari za ibada muda mrefu kabla ya kesi ya Thane kufutwa, aliendelea kusema hivyo hivyo wakati kusema hivyo kunamletea kejeli tu, na kesi ilipokwisha, wakati angeweza kurudi na kutafuta nafasi ya mama mkwe kwenye tamthilia kama wenzake wengi, alinyoa baadhi ya nywele akavaa vazi la rangi ya zafarani. Hiyo inanitosha nimpe heshima ya kuaminiwa, yaliyo moyoni ni ya kwake na Mungu wake.

Kwa hiyo mwanangu ukikaa na mama mwambie, Kenya alikuwepo kweli, ndoa amekana, jela hapana, kesi imefutwa, utawa ndio. Na mwambie kitu kingine ambacho nadhani atakipenda, Karan Arjun ilirudishwa kwenye majumba ya sinema India Novemba 2024, ikielekea kutimiza miaka 30, watu wazima wakaenda na watoto wao wakaimba nyimbo zote kwa sauti, na siku chache tu baadaye ndipo Bindiya mwenyewe akashuka uwanja wa ndege wa Mumbai. Mkimaliza hiyo mtafutie na Krantiveer, kama hajaiona siku nyingi ataifurahia, humo Mamta haachiwi nyimbo tu.